Anavuta

Kwenye fomu ya maabara, nafasi ya maelezo,
mtu ameandika kwa kalamu ya bluu: Anavuta.
Basi. Hakuandika anavuta nini.

Lugha yetu, kwa ukarimu au kwa ubahili,
imetupa kitenzi kimoja.
Anavuta sigara tangu kiwanda cha kukoboa kahawa,
zamu ya usiku, miaka thelathini na mmoja.
Anavuta dawa asubuhi na jioni
kupitia chupa ya maji aliyoitoboa kitako kwa msumari wa moto,
maana chemba ya dukani ni bei ya debe la mahindi.
Anavuta mguu kutoka Pasua hadi kliniki ya kifua,
anavuta subira kwenye benchi la mbao,
anavuta pumzi,
na hapo kitenzi kinakwama.

Eliringia Mlay. Umri, sitini na sita.
Jana walimwosha pafu moja kwa maji ya chumvi,
wakayanyonya, wakaniletea kwenye barafu
yakiwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele.

Nimeziona seli zake walaji.
Za mtu asiyevuta huwa angavu, kama mbegu za pasheni ndani ya ute.
Zake zimevimba, zina masizi tumboni,
wazoa taka waliobebeshwa mpaka mabegani
wasibaki na mkono wa kumkamata mwizi.
Tena zina makelele.
Kila ukelele unaita askari kutoka kwenye damu,
na askari wakija hawaulizi,
wanavunja kuta za nyumba waliyoitwa kuilinda.

Ndiyo sababu ya dawa. Dawa huingia na kusema: nyamazeni.
Katika kifua kingine zingenyamaza.
Lakini mtu huyu kazaliwa Moshi, kakulia Moshi,
na moshi umeziziba masikio.

Chache zilisikia.
Nikazipa hamira, kama tunavyofanya, nizione zikila.
Nikabonyeza kihesabio mpaka mia:
thelathini na nne zilimeza.
Nyingine zilisogea, zikagusa, zikaacha.
Sijui ni dawa iliyozituliza hadi zikasahau njaa,
au ni masizi, au ni vyote viwili vimekula njama.
Daktari naye hajui. Ameandika: endelea na dozi,
fika haraka ukipata homa.

Saa nne nilimkuta nje, chini ya mjakaranda.
"Wewe ndiye unayeziangalia?"
Ndiye mimi.
"Zikoje?"
Nilitaka kusema jambo la kitaalamu. Nikasema: zimechoka.
Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
tukangoja kikohozi kimalize mazungumzo yake.
"Nikiacha leo, zitatakata?"
Hizi hapana, nikamwambia. Hizi zitakufa na masizi yao.
Lakini zinakuja nyingine, zinatengenezwa mifupani,
hazijawahi kuiona sigara.
"Miezi mingapi?"
Mingi.
Akahesabu kwa vidole, akapotea kwenye kidole cha nne.

Kisha akatikisa pampu, akaitia kwenye chupa yake,
akavuta taratibu, akabana, midomo ikawa ya samawati kidogo,
akaachia. Mara ya pili.
Akasukutua, akatema kwenye mizizi ya mti
kama nesi alivyomfundisha, utando mweupe usimwote ulimini.
Mtiifu kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.
Halafu mkono wake, wenyewe, bila kutumwa,
ukapanda hadi mfuko wa shati
ukakaa humo.

Sikusubiri kuona utatoka na nini.
Nilirudi kwenye kiti changu, nikawasha taa ya hadubini.
Seli ya mia na moja, ambayo sikuwa nimeihesabu,
ilikuwa imeikumbatia chembe ya hamira,
nusu ndani, nusu nje.
Nikaikazia macho mpaka yakatoa machozi.