Mstari wa Maji

Picha niliyopewa ni moja, ya rangi ya chai,
imekunjwa katikati, na mkunjo umepita
palepale penye dohani.
Jina la omoni limechubuka, zimesalia herufi tatu,
na tatu hazitoshi kuiita meli.

Bwana Mbwambo wa uwakala wa forodha anaitaka kwa kalenda.
"Iwe kama kweli. Mtu akiitazama asikie honi."
Nusu ya malipo kwa simu, nusu kazi ikiisha.

Basi nimekaa Kurasini, chumba cha nyuma,
kishikwambi mapajani, feni inazunguka kama imelazimishwa,
na nje malori ya makontena yanapumua kwenye foleni.

Naanza na chuma. Chuma hakina rangi moja.
Asubuhi nimezunguka mtaani nikipiga picha
geti la jirani, bati la kibanda cha chipsi,
nikarudi na kutu za aina kumi na mbili:
kutu ya mdalasini, kutu ya damu iliyokauka,
kutu changa, ya chungwa,
inayochuruzika chini ya ribiti kama chozi la mtoto mchafu.

Ribiti mia nne na kumi na sita.
Njia ya mkato ipo: unachora moja, unanakili.
Lakini zilipigwa na watu,
na mtu hapigi nyundo mara mbili sawasawa.

Moshi umenila siku tatu.
Nikiulainisha unakuwa pamba, nikiukaza unakuwa nywele.
Siku ya tatu ulikaa, mzito, wa makaa ya mawe,
umeme ukakatika sijahifadhi,
ukaenda zake, kama ulivyo moshi.

Bi Mwashamba alikuja kuchaji simu.
Miaka thelathini alihesabu shehena gatini,
kalamu sikioni, daftari kifuani.
Akainama juu ya kioo.
"Umepakia nini?"
Robota za katani, nikasema, mia mbili, na chini zimejaa.
"Mbona inaelea kama ndoo tupu?"
Ukucha wake ukaacha mafuta ya andazi
pale maji yanapogusa ubavu.
"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, eti?
Izamishe."

Nikashika tabaka la bahari, nikalipandisha.
"Bado."
Nikapandisha tena.
"Bado, wewe, unaogopa nini?"
Tumbo jekundu likaingia majini,
na kitu ambacho siku tisa kilikuwa stika
kikawa na uzito.
Akachukua simu yake, asilimia kumi na nane, akaondoka.

Bado.
Neno lile lilibaki chumbani.

Babu yangu, Kondo Pazi, hakupanda sitahani mchana.
Kazi yake ilikuwa chini, na chepe,
kuilisha tanuri toka hapa hadi Lindi.
Bibi alisema alikuwa akioga mara tatu
na shuka likaamka jeusi.
Picha yake hakuna. Sura yake siijui.
Mgongo naujua, maana bibi alikuwa akinipita nikifua
anasema, huo si wako, urudishe.

Usiku nikafungua tabaka jipya, chini ya chuma.
Nikavua shati, nikatega vioo viwili,
nikauchora mgongo ule umeinama,
mwanga wa moto upande mmoja tu,
jasho kwenye uti.
Kisha nikamfunika: bamba, rangi, kutu,
ribiti zote mia nne na kumi na sita.
Haonekani.
Hata siku zile, aliyesimama gatini hakumwona.

Asubuhi Bwana Mbwambo akaandika:
"Meli safi sana. Ila faili zito, linagoma kuingia.
Hakuna cha kupunguza?"
Nikatazama orodha ya matabaka,
na kando ya moja, kijicho kimefumba.
Hakuna, nikajibu. Naleta kwa flashi.

Nikaitia mfuko wa shati,
nikaenda kwa miguu hadi ofisini kwake,
na jua la saa nne
likanichoma mgongoni, upande mmoja tu.