Kiti cha Kushoto

Miaka ishirini na miwili nimeketi kushoto,
mguu wangu juu ya breki ya pili,
ile ya mwalimu, isiyo na mafuta kando yake.
Nimesimamisha watu wengi.
Kuondoka, wao huondoka wenyewe.

Tononoka hadi Buxton, Buxton hadi Makupa,
gia ya pili, honi za watu mgongoni,
na sauti yangu: kushoto, mama, kushoto,
kushoto hata kama mbele hapana mtu.
Nusu ya mji huu waijua kushoto kwa kelele zangu.

Kisha akaja Tima Msallam,
aliyeanguka mtihani mara tatu
na mara ya nne akampa inspekta pole kabla hajawasha gari.
Mkononi ana karatasi:
magari kumi na manane, siku kumi na moja,
kutoka Antwerpi hadi Trieste, kwa kufuatana,
wa kwanza ana bendera ya njano, wa mwisho ana fundi.
"Nishakuandika," akasema.
"Wewe utaendesha. Mimi nitasoma ramani."
Tima, ambaye hupotea sokoni Kongowea.

Ndugu yangu Swaleh alicheka hata kahawa ikamtoka puani.
"Wenzako waja huku kutazama ndovu.
Wewe wenda kwao kutazama lami?"
Ndiyo. Lami.
Lami isiyokatwa na mataa kila baada ya pumzi mbili.
Nataka kujua gia ya tano ina ladha gani.

Pesa ni za chama, zamu yangu,
zilizokuwa za bati la jikoni.
Jiko litavuja. Sufuria ninazo.

Fomu ya visa ilitaka kujua kama nitarudi.
Nikaandika: nina wanafunzi sita,
mtihani wao ni tarehe ishirini na tisa,
na mmoja bado hawezi kuondoka kwenye mlima
bila kurudi nyuma na kuita jina la mamake.
Wakanipa.

Lililoninyima usingizi ni moja. Kulia.
Huko hushikwa kulia.
Sasa kipilefti, huko kwao, chaitwaje?
Usiku nilizunguka kitandani kinyumenyume
hata mume wangu akauliza natafuta nini.
Nikamwambia, njia ya tatu ya kutokea.

Basi juzi nikaenda Miritini,
yadi ya magari yanayongoja karatasi
za Bujumbura na Lubumbashi,
yenye usukani upande wa pili.
Mlinzi ni Ngowa, ambaye bintiye
bado ana deni langu la masomo mawili.
Akanifungulia pikapu nyeupe.
"Ndani ya ukuta tu," akasema.

Nikafungua mlango wa kushoto kwa mazoea.
Nikaketi. Nikavuta mkanda.
Mguu ukaenda kutafuta breki yangu,
ukaikuta, na kando yake mafuta,
na huku klachi,
na mbele ya kifua changu, usukani.

Kiti ni kile kile.
Miaka yote ile nilikuwa nimekaa mahali pa dereva,
ila wa gari la nchi nyingine.

Mkono wa kushoto ukatafuta gia, ukagonga mlango.
Ngowa akapanda kulia, akashika dirisha.
Tukayazunguka makontena mara moja, mara ya pili,
nami najikemea kwa sauti: kulia, mama, kulia.
Mbele ukuta, kisha ukuta, kisha ukuta.
Hata gia ya tatu sikuifikia.

"Polepole, mwalimu," akasema Ngowa,
na mguu wake, niliuona,
ukakanyaga sakafu kwa nguvu,
mahali pasipo na kitu.