Ukuta Nyuma ya Zulia

Runinga yetu ilikuwa na mgongo kama kasa,
inchi ishirini na moja, na doa la kijani
lililokaa begani pa kila msoma habari.
Miaka kumi na saba tulilisamehe.
Februari likafa, na runinga ikalifuata.

Nikanunua projekta. Mtumba,
kwa Vazha wa ghorofa ya pili, lari mia na themanini,
na rimoti iliyofungwa gundi mgongoni.
Kwenye boksi wameandika: lumeni elfu tisa.
Nimetengeneza lifti miaka thelathini na mmoja hapa Rustavi.
Nalijua bamba linalosema "watu wanane",
na najua wanane wakiingia hutokea nini.
Tsiala hakulibishia boksi.
"Rahisi huvunja upishi," alisema,
akaendelea kuchambua maharagwe.

Mchana ilitoa ukungu wa maziwa, basi.
Usiku taa ya barabarani ikapenya pazia,
nikatundika blanketi la jeshi.
Feni ikavuma kama birika linalosita kuchemka.
Picha ikaja imelala upande, kama mlevi kwenye benchi;
nikaiwekea pakiti ya chumvi chini ya mguu wa kushoto,
ikakaa.

Tatizo lilikuwa zulia.
Wewe usiyekulia kwetu nikueleze:
lile zulia zuri hatulikanyagi, tunalitundika ukutani,
lizuie baridi ya zege
na macho ya wageni yapate pa kutua.
Jekundu, alilokuja nalo mama yake Tsiala alipoolewa.
Nilipolimulika, golikipa akaota maua kifuani,
bao likaingia,
na hakuna aliyeuona mpira.

Tukalishusha. Misumari kumi na miwili.
Vumbi la serikali mbili likatupiga chafya.
Nyuma yake rangi ilikuwa bado changa,
rangi ya siagi, niliyoisahau kabisa,
na juu ya rangi, penseli.
Vistari vimepandana kama vidato vya ngazi:
Eteri, miaka minne.
Eteri, mitano, meno mawili kasoro.
Eteri, kumi na mmoja (kavaa viatu, kadanganya).
Cha mwisho hakina umri. Kinanifika kidevuni.

Ndoo ya rangi nyeupe iko kibarazani.
Sijaifungua.

Jumapili akapiga simu kutoka Bari,
anakomtunza bibi kizee wa watu,
kumgeuza, kumlisha, kumgeuza tena.
Vazha akaunganisha simu na projekta, akatoka kwa adabu.
Mwanangu akajaa ukuta mzima,
paji la uso limepita swichi, kidevu kimezama nyuma ya kochi.
Kwenye simu, upana wa kiganja, kila Jumapili alikuwa mzima.
"Sijambo, baba." Nasi tukaamini.
Hapa weusi chini ya macho ulikuwa mpana kama visahani,
na mkono uliosogeza nywele
umechubuka kwa maji ya dawa.

"Mnaniona?"
"Tunakuona," nikasema.
Tsiala alinyamaza. Kisha:
"Ipunguze."
"Haipunguzwi, mpaka meza isogee."
"Basi isogeze."

Nikaisukuma, pakiti ya chumvi na vyote.
Kila hatua picha ikajikusanya,
na mwanga, uliokuwa umegawiwa kwa ubahili,
ukarudi mahali pamoja, ukawa mwanga kweli.
Boksi halikuliandika hilo.
Nikasukuma hadi uso ukawa kadiri ya uso,
utosi umegusa kile kistari kisicho na umri.

Tsiala akanyoosha mkono.
Kivuli cha vidole vyake kikala shavu lote.
Akaurudisha mapajani.

"Mama, mbona kimya?" Eteri akauliza.
"Na huo mvumo ni wa nini?"

"Chai," akasema Tsiala. "Inakaribia."