Nambari 417

Lilitoka Embakasi, walipochimba msingi wa ghorofa,
likaletwa ndani ya gunia la saruji
na fundi aliyedai nauli mara mbili.
Jiwe jeusi, duara, upana wa kisahani cha chai;
upande mmoja vishimo saba,
upande wa pili laini kama shavu,
na tundu moja pembeni. Si katikati. Pembeni.

Kazi yangu ni kuchapa vibao vya maonyesho.
Kitu: jiwe. Umri: takriban miaka elfu tatu.
Matumizi:
na hapo kidole changu kimesimama tangu Jumatatu.

Dakta Oyugi asema ni ibada.
(Kila asichokijua Dakta ni ibada;
siku moja ataokota kizibo cha soda River Road
akipigie magoti.)
Mbithe wa maabara ameona chembe za mafuta,
asema taa. Taa gani, namuuliza, yenye tundu?
Asema moshi nao hutafuta njia.
Lemayian wa lango la usiku hataki mjadala:
ni bao, vishimo vilivyobaki viko kwenye jiwe la mwenzake,
tafuteni jiwe la mwenzake.
Na mtoto mmoja wa shule, sweta ya kijani, kutoka Dagoretti,
alibandika uso kwenye kioo akatangaza
ni simu ya zamani, ndiyo maana haishiki mtandao.

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.

Marehemu mama alikuwa na jiwe,
dogo, la rangi ya ini,
lililala chini ya mto wake pale Jericho.
Hatukuuliza, naye hakusema,
kama mtu asivyosema kwa nini
hukunja shuka hivi, si vile.
Mwaka wa sita huu tangu tumzike Lang'ata.
Dada asema lilikuwa la maumivu ya tumbo.
Kaka asema la kumtupia baba.
Shangazi hunyamaza, na kunyamaza kwake kuna mdomo.

Kumbe haihitaji miaka elfu tatu.

Jioni hii, wenzangu wamekwenda,
nimevua glavu, kinyume cha kanuni,
nikalipakata kwa mkono wa kushoto.
Dole gumba likaingia lenyewe
kwenye mbonyeo nyuma ya tundu,
mbonyeo ambao hakuna aliyeuandika popote.
Likatulia humo.

Nimechapa. Matumizi: lilishikwa.
Kesho Dakta atalifuta neno hilo.
Nje, Lemayian anagonga dirisha kwa tochi:
Dada, nimefikiri tena kuhusu lile bao.