Kidaka cha Nne

Ilikuwa kompyuta ya karani wa ushirika.
Kifuniko kimebanduka rangi, juu kina duara la kikombe cha kahawa.
Niliinunua kwa ujira wa harusi mbili,
ikavuka kutoka Mokowe imeviringwa shuka
kama mgonjwa.

Famau, mwana wa dada yangu, ndiye ajuaye mambo haya.
Lakini Famau ni mwanamume,
nami miaka ishirini na sita nimepiga picha za kupamba,
milango ikiwa imekomewa,
mabuibui yamelundikwa ngazini.
Nywele za mji mzima ziko mkononi mwangu.
Ninaye Mwana Zena akipiga vugo hadi uzi wa shanga ukakatika.
Ninaye bibi harusi wa Mkomani akilia kabla ya kuitwa,
na mkwewe akimpangusa wanja kwa ncha ya leso.
Haya huyapeleki kwenye wingu.
Nilimwuliza Famau: hilo wingu lenu hunyesha wapi?
Hakujua.

Basi akakaa dakani, mgongo ameupa mlango,
akanisomesha kwa sauti:
"Fungua skrubu nne. Usiguse dhahabu ya ubao.
Waya mwembamba ni wa habari, mnene ni wa chakula."
Nami ndani, miwani puani, bisibisi ya cherehani,
naitikia kama tuko chuoni.

Nikaiweka seva katika kidaka cha nne,
pale nyanya alipopanga sahani zake.
Iliyosalia moja, yenye ufa, nikaihamishia jikoni.
Nilijua ukuta wa mawe una baridi, utanisaidia.
Munyu sikuuhesabu.
Munyu haubishi hodi.

Mwaka wa tatu diski ikaanza kugonga.
Tik.
Kimya.
Tik, tik,
kama ukucha wa mtu kwenye kioo.

"Inakufa, halati," akasema Famau dakani, sasa ana ndevu.
"Tafuta mbili kubwa, tera nne nne, ziwe pacha.
Unaloiambia hii, ile imeshasikia."
"Na moja ikifa?"
"Iliyobaki itamsimulia mgeni."

Nikaomba zamu yangu ya mchezo isogezwe mbele.
Wakakubali bila neno, mmoja mmoja,
maana nani kati yao simnaye?

Kunakili kulianza Ijumaa baada ya Isha.
Asilimia mbili.
Asilimia tano.
Nikachemsha chai, nikasahau kuinywa.
Asilimia thelathini na moja, stima ikapotea,
betri ikalia kama paka aliyekanyagwa,
nikawa na dakika kumi na nne za kuizima kwa adabu.
Niliizima kwa tochi ya simu, meno yameuma leso.
Alfajiri nikaiwasha tena. Nikahesabu tena.
Jumapili, wakati wa kukuna nazi, ikatimia mia.

Diski ya kale sikuithubutu jaani.
Niliilaza juu ya gunia, nikashika mchi wa kinu.
Ndani mlikuwa na sahani tatu ndogo, hazina ua, hazina doa,
safi hata nikajiona mvi.
Nikazitwanga mpaka uso wangu ukatoka.

Wiki ile ile akaja Arafa, binti wa Mwana Zena.
Mama yake tumemzika mwezi wa Rajabu.
Hakusema alichotaka, aliuliza tu kama bado ninavyo vitu vya zamani.
Nikafunga madirisha. Nikaandika nywila, mkono mmoja umeufunika mwingine.
Mwana Zena akatokea, miaka ishirini na miwili,
kichwa wazi, jasho shingoni.
Uzi ukakatika, wanawake wakainama wakicheka, wakiokota shanga
chini ya viti, chini ya miguu ya kila mtu.
Arafa hakulia. Alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye skrini.
"Rudisha nyuma," akasema. "Pale hazijamwagika."
Nikarudisha.
Nikarudisha tena.

Kutoka dakani: "Halati! Imeshika?"
"Imeshika, mwanangu.
Usigeuke."