Milimita Mia Tano

Bwana Nemoto amezilaza mbili juu ya kitambaa cha kijani,
kama mkunga anayeonyesha mapacha.
Hii, asema, ni fupi, mia tatu, tundu lake pana:
hukunywa mwanga hata pale mwanga ni wa kuombaomba.
Hii nyingine ni ndefu, mia tano, ina kiu.
Bila jua hununa.

Nina bei ya moja.
Ng'ombe wa mwisho aliondoka Novemba kwa lori,
mashine ya kukamulia ikamfuata,
na fedha zikabaki benki hapa Obihiro, zikinitazama.

Haja zangu nazijua kama ninavyoyajua magoti yangu.
Jumatano na Ijumaa, uwanja wa barafu wenye paa:
Mizuho, binti wa binti yangu, miaka kumi na sita,
anakata kona ameinama, mkono mmoja mgongoni,
chini ya taa za rangi ya maziwa yaliyoenguliwa.
Picha zangu za msimu mzima ni ukungu wenye kofia nyekundu.
Jumamosi, mto:
korongo wamesimama majini kwa mguu mmoja,
baridi nyuzi ishirini chini ya sufuri,
nasi tunabaki darajani, maana huko hatualikwi.
Katika picha zangu ni punje za mchele zilizomwagika.

"Uzito je?" auliza Nemoto, akizitazama mvi zangu.
Nimewahi kumvuta ndama kwa kamba saa nane usiku, namjibu.
Kilo nne ni sikio lake.

Mchagua jembe si mkulima, najua.
Miezi mitatu nimesoma majedwali, nikapima, nikapima tena,
nikamuuliza hata kijana wa posta anayepiga picha treni.
Nimeamua. Ile fupi.
Mjukuu kwanza. Korongo watangoja,
korongo hawamalizi shule.

Kwa adabu tu naiinua ile ndefu,
natoka nayo mlangoni, theluji inaanza,
naegemeza kiwiko kwenye mwimo.
Duka la mikate ng'ambo ya reli linanijia usoni:
bei ya andazi, alama ya kidole kwenye kioo.
Nasogea kushoto. Kituo cha basi. Benchi.
Kofia nyekundu.

Saa kumi na dakika ishirini, Jumatano.
Mfuko wa viatu vya barafu uko miguuni pake, zipu imefungwa.
Basi la uwanjani linafika, linafungua mlango,
linafunga, linakwenda zake.
Naiona pumzi yake. Kope ningeweza kuzihesabu.
Anamega mkate, anawatupia shomoro,
na uso ule sijauona tangu alipokuwa na miaka tisa,
uso usio na saa ndani yake.

Macho hayana pazia. Lenzi inalo:
kifuniko cha plastiki kinachoning'inia kwa uzi.
Nakirudisha.

"Umeona nini?"
"Shomoro."
"Inaonyesha vizuri?"
"Mno."

Nifungie hii, namwambia.
Anatabasamu: alijua, korongo hushinda siku zote.
Anahesabu noti mara mbili,
ananiongezea kitambaa cha kufutia.

Usiku, mbele ya supu, Mizuho anasema mazoezi yalikuwa sawa.
Namsogezea bakuli la figili.
Jumamosi, namwambia, ile stendi ya miguu mitatu itanilemea.
Anaitazama mikono yangu, mikono ya kamba na ndama,
mikono isiyojua kudanganya.
"Saa ngapi?"
"Kabla ya jua. Vaa buti.
Vile vingine viache."