Mistari Kumi na Minne

Skripti arobaini na moja,
na ndani ya kila moja mistari ileile kumi na minne
aliyoiandika Gunārs kabla hajastaafu:
soma uzito wa ndege,
futa kila penye 999,
yaani mizani iligoma kwa baridi.

Sisi tuliomfuata hatukuandika kitu.
Tulinakili, tukabandika, tukaenda kunywa kahawa.
Wa bundi alibandika. Wa popo alibandika.
Mimi nilibandika mara kumi na moja
nikibadilisha jina la ndege tu,
kama mtu atumaye barua moja ya mapenzi
kwa wachumba kumi na mmoja.

Januari, theluji imeziba mlango wa kituo,
bahari ya Latvia imenyamaza chini ya barafu,
Vizma akaniita kwenye skrini yake:
“Kidege hiki kinaenea ndani ya kibiriti.
Mbona kina karibu kilo nzima?”

Mizani mpya ilikuwa inaandika 999,0.
Koma moja na sufuri moja,
na kichungio cha Gunārs hakikumtambua mgeni.
Wastani wetu ulinenepa miaka mitatu
wala hakuna aliyeuliza unakula nini.

Nikarekebisha nakala ya kwanza. Ya pili.
Ya saba haikufanana na ya sita:
mtu aliongeza kufuta sufuri, mtu mwingine akaizuia,
na kwa popo kuna aliyepanga upya kila kitu
kisha akahama nchi.
Ndugu wa tumbo moja, hawasalimiani.

Basi nikakaa hadi usiku wa manane
nikaiandika mara moja, katika faili moja,
na skripti zote nikazifundisha kuiita kwa jina.
Mistari mia tano sabini na minne ikaondoka.
Nilihisi mwepesi, na uchi kidogo.

“Sasa ukikosea,” akasema Vizma akivaa glavu,
“tutakosea sote, dakika ileile.”
Ndiyo. Na dakika ileile tutapiga kelele.

Kitu kimoja sikukifuta.
Juu ya mstari wa tisa Gunārs aliacha neno:
*hapa sina uhakika.*
Tuliunakili wasiwasi wake mara arobaini na moja
bila yeyote kumjibu.
Sasa umebaki mmoja. Chini yake nimeandika:
*Nami pia. Nimejaribu kwa koma, kwa nukta,
kwa mizani zote mbili. Tarehe 19. Endelea kuuliza.*